Ziada ya Kushonea

Neno lililotukwamisha uwanja wa ndege halikuwa bomu, wala dawa za kulevya, wala tusi. Lilikuwa "mama". Nimelisema neno hilo tangu sijaota meno, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja litanikalisha kwenye kiti cha chuma mbele ya watu wenye bastola kiunoni, mdomo wazi, nikiulizwa mtoto huyu nimemtoa wapi.

Lakini nianze na tiketi, maana ugomvi ulianzia huko.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba kimoja mbele ya nyumba, cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu ambacho wateja wanakisingizia kwamba kinanenepesha. Kazi hii imenifundisha jambo moja ambalo shemeji yangu, pamoja na ujanja wake wote, hakuwa analijua: nguo haikatwi sawasawa na mwili. Ukipima kiuno ukakata kile kile ulichopima, umeshaharibu kitambaa cha watu. Lazima uache ziada ya kushonea, ile sehemu ya kitambaa inayoingia ndani ya mshono ambayo haionwi na mtu. Mteja haijui wala haulizi, lakini ndiyo inayoshikilia nguo isipasuke akiinama kufunga viatu.

Shemeji huyo ni mume wa mdogo wangu. Wamekwenda ng'ambo mwaka wa sita sasa. Yeye anapakia mizigo kwenye ghala, mdogo wangu anafanya usafi hospitalini. Mtoto wao walimwacha kwangu hajaanza hata kusimama. Walisema ni miezi michache tu, mpaka wapate makaratasi. Makaratasi hayakuwa na haraka, lakini mtoto alikuwa nayo. Alisimama kwa kushika miguu ya cherehani yangu, akatembea, akasema, akaota meno, na ya mbele ameshaanza kuyang'oa.

Tunamwita Kifungo. Alipokuwa mdogo alimeza kifungo cha koti la mteja, tukakaa kukisubiri kitokee upande wa pili. Kilitoka, nikakichemsha, nikakishona mahali pake. Mwenye koti hajui, na naomba abaki hivyo hivyo.

Neno lake la kwanza lilikuwa mama, na alilisema akiniangalia mimi. Sikumfundisha wala sikumkataza. Mama mkubwa ni mama. Mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu. Kila jioni mdogo wangu alipiga simu ya video, na mimi namweka Kifungo mezani, katikati ya vitambaa, waonane. Kwa hiyo yule akawa mama wa kwenye simu. Jina hilo alilitunga mwenyewe, na sote tulicheka alipolisema mara ya kwanza, mdogo wangu akicheka kuliko wote, kisha simu yake ikakatika ghafla kwa sababu ya mtandao, au ndivyo alivyosema.

Makaratasi yalipokamilika, shemeji akanunua tiketi: Kifungo ya kwenda, mimi ya kwenda na kurudi. Akanitumia kwenye simu kwa mbwembwe. Hakukuwa na ndege ya moja kwa moja. Tungeshuka nchi ya katikati tupande nyingine, na kati ya kushuka na kupanda alikuwa ametuachia saa moja na nusu. Nikampigia hapo hapo, sindano ikiwa bado mdomoni.

"Shemeji, hiyo ndege ya pili nitaipandaje?"

"Kwa miguu, shem. Unashuka hii, unapanda ile. Ni kama kuvuka barabara."

"Na ya kwanza ikichelewa?"

"Hazichelewi hizo."

"Na foleni je? Na mtoto akibanwa na haja? Na hilo jengo lenyewe, unaujua ukubwa wake?"

"Dakika tisini zinatosha na chenji inabaki."

"Mimi nataka saa sita."

"Za mchana au za usiku?"

"Za kukaa."

Alicheka mpaka akapaliwa. Akaniuliza kama nahamia uwanja wa ndege, akasema atanitafutia na kitanda. Nikamwambia, "Wewe ukipakia vibaya linaanguka boksi. Mimi nikiachwa na ndege anayelala kwenye sakafu ni mwanao." Nikamweleza habari za ziada ya kushonea, akasema ndege si suruali. Hapo nikakasirika kweli. Mdogo wangu akamnyang'anya simu, nikamsikia akisema, "Baba Kifungo, mbadilishie dada tiketi, usibishane naye, hujawahi kumshinda." Tiketi ikabadilishwa. Ile mpya ilikuja na ujumbe: "Lala salama uwanjani, shem."

Nikamshonea Kifungo gauni la safari, la rangi ya chungwa, ili hata akinipotea kwenye umati nimwone. Chini niliacha pindo pana la kiganja kizima, nikalishikiza kwa mshono mwepesi wa mkono, mdogo wangu aje alifungue mtoto akirefuka. Nilipokuwa nalipinda ndipo iliponiingia akilini kwamba atakaporefuka mimi sitakuwepo. Nikajichoma sindano, nikapata sababu ya kulia.

"Tunakwenda kwa mama," nilimwambia siku ya safari.

"Mama yupi?"

"Mama wa kwenye simu."

"Halafu tunarudi?"

Nikamwambia avae viatu.

Ndege ya kwanza ilichelewa kuondoka karibu saa nzima. Abiria wa jirani yangu, kijana aliyevaa tai, alikuwa anakula kucha kwa sababu ya ndege yake ya pili, na mimi nilikaa pale na raha ya mtu aliyebeba mwavuli siku ambayo watu wote walimcheka. Tulipotua watu walitoka mbio, wanagongana na mabegi. Mimi na Kifungo tulitembea. Tulikwenda chooni, tukanywa maji, tukapanda basi la kutupeleka jengo la pili, tukapanga foleni ndefu ya ukaguzi iliyojikunja kama utumbo. Wakaguzi wakautoa utepe wangu wa kupimia wakauvuta hadi mwisho, sijui walidhani nimeficha nini kwenye inchi ya sitini. Moyoni nilikuwa namtungia shemeji maneno. Dakika zake tisini zilikuwa zimeshakwisha pale pale kwenye foleni, na sisi bado tulikuwa na muda wa kutosha.

Kisha tukafika kwenye kaunta ya pasipoti.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, sare ya buluu, nywele zimebanwa nyuma. Alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo linaloniuma. Aliinama juu ya kaunta, akamwangalia Kifungo na gauni lake, akaninyooshea kidole na kuuliza neno moja.

"Mama?"

"Mama," akajibu Kifungo kwa nguvu, akanishika mkono.

Afisa akafungua pasipoti zetu. Akafungua na barua ya ruhusa iliyoandikwa na mwanasheria wa kina shemeji, inayosema mtoto atasafiri na dada wa mama yake. Akasoma, akarudia kusoma. Tabasamu likaondoka. Akaninyooshea kidole tena, safari hii akiniuliza mimi mwenyewe.

"Mama?"

Nami, mjinga miye, nikajipiga kifuani nikasema, "Mama." Ningesema nini? Kiingereza changu ni cha vipimo tu: kiuno, kifua, mkono, urefu. Na hata kwa Kiswahili nisingekuwa na jibu lingine.

Akabonyeza kitu chini ya kaunta. Wanaume wawili wakaja, wapole kabisa, wakatuchukua.

Walituingiza kwenye chumba kidogo chenye meza nyeupe, viti vya chuma na saa ya ukutani. Juu ya meza kulikuwa na kopo la penseli za rangi, zimechongwa na kuchongwa mpaka zimebaki vipande. Maana yake watoto wengi walikuwa wamekaa hapa kabla ya wangu, wakichora huku wenzangu wakihojiwa. Kifungo akachukua ya kijani, akauliza kama anaruhusiwa.

Yule afisa akaweka simu ya mezani katikati yetu, akapiga namba. Sauti ya kijana ikatoka, Kiswahili safi kabisa.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mkalimani."

Nilitamani kuibusu ile simu. "Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki."

Afisa akakaza macho. Akasema jambo kwa lugha yake.

"Mama, anauliza kwa nini na mimi nakuita mama. Anauliza kama tunajuana."

"Mwambie ni heshima."

"Nimemwambia. Anasema nisikuite hivyo tena."

"Sasa uniiteje?"

"Sijui, ma..." Akajikata. "Nitakuita abiria."

Hapo ndipo nilipoelewa balaa lililokuwa limenikuta. Yale maneno mengine yote yalihitaji kutafsiriwa, lakini hili moja dunia nzima inalijua, kila mtu na maana yake. Afisa yule hakuhitaji mkalimani kulisikia. Kila lilipotajwa mle chumbani, macho yake yalinirukia.

"Abiria, je, wewe ndiye uliyemzaa mtoto huyu?"

"Hapana. Kazaliwa na mdogo wangu."

"Kwa nini umesema wewe ni mama yake?"

"Kwa sababu ni mama yake. Mama mkubwa."

Wakazungumza wenyewe kwa wenyewe.

"Anauliza, mkubwa kuliko nani? Mama mdogo ni yupi?"

"Mama mdogo hayupo. Tumezaliwa wawili tu. Mimi ni mkubwa, yeye ndiye mama mwenyewe."

"Anauliza, kwa hiyo mtoto ana mama wangapi?"

Nikafungua mdomo kujibu, nikajikuta nahesabu kichwani. Jambo ambalo hata mtoto wa chekechea hawezi kuulizwa, mimi nilikuwa nalitafutia hesabu.

"Nimejaribu kumwelewesha," kijana akasema, taratibu. "Anasema anaelewa kwamba watu wana desturi zao. Lakini barua inasema dada wa mama, mtoto anasema mama, na wewe unasema mama. Anasema alishawahi kumpitisha mtu hapa na mtoto na barua nzuri kuliko hii, na yule mtoto hawajampata mpaka leo."

Nilimchukia yule mwanamke kwa moyo wangu wote, na wakati huo huo nikajua kwamba ningekuwa mimi, ningefanya vile vile.

Wakapiga namba ya shemeji iliyo kwenye barua, ikaita mpaka ikachoka. Ya mdogo wangu vivyo hivyo. Nikawaeleza kwamba kazini kwao simu zinafungiwa kabatini mpaka zamu iishe, wakaendelea kuzipiga saa baada ya saa. Afisa akaomba simu yangu. Nikampa kwa furaha, nikidhani ndiyo itakayoniokoa, kumbe nimejipalia makaa. Imejaa picha za Kifungo: Kifungo mgongoni mwangu, Kifungo mapajani mwangu, Kifungo kalala chini ya meza ya kukatia amekumbatia vipande vya kitambaa. Za mdogo wangu hakuna hata moja akiwa na mtoto. Zile simu za video za kila jioni hazikuacha kitu.

"Jina lako nani?" mkalimani akamuuliza mtoto.

"Kifungo."

"Samahani, abiria. Kifungo cha nguo au kifungo cha jela?"

"Cha koti," nikasema. "Jina la pasipoti analo, ila hatulitumii."

Sijui alilitafsiri vipi, lakini mmoja wa wale wanaume aliandika mstari mrefu sana.

Kisha afisa akatoa karatasi yenye picha ya mdogo wangu, iliyokuwa imeambatanishwa na barua, akaisukuma mbele ya Kifungo. Mkalimani akauliza kwa niaba yake, na mimi nikaambiwa nisiseme neno wala nisitikise kichwa.

"Huyu ni nani?"

"Mama wa kwenye simu."

Kijana alichelewa kutafsiri hilo. Alipolitafsiri, sauti yake ilishuka.

"Na huyu aliyekaa hapa?"

"Mama."

"Nani anakuogesha?"

"Mama."

"Ukiumwa, nani anakaa na wewe?"

"Mama." Akaninyooshea penseli ya kijani, akishangaa kwamba mtu mzima hajui mambo madogo kama hayo.

Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilinizamisha zaidi. Nilikaa pale natazama miaka yangu yote sita ya kulea ikigeuzwa kuwa ushahidi dhidi yangu. Kama ningemlea vibaya, kama angenichukia, tungekuwa tumeshapita zamani.

Afisa akafunga faili. Mkalimani akavuta pumzi kabla ya kusema.

"Anasema mtoto hamtambui mzazi wake. Kwa hiyo mtoto atapelekwa nyumba ya watoto hapa mjini mpaka wazazi wapatikane na wahojiwe, inaweza kuchukua siku au wiki. Wewe utarudishwa ulikotoka kwa ndege inayofuata. Gari la nyumba ya watoto limeshaitwa."

Sikulia. Mshtuko ukizidi machozi hayajui pa kupitia. Niliitazama saa ya ukutani. Ndege yetu ya pili ilikuwa inakaribia kupakia watu. Nilikuwa nimeacha nafasi ya ndege kuchelewa, nafasi ya basi, ya foleni, ya choo, hata ya mtoto kutapika. Neno sikuliachia nafasi, na lilikuwa limeila ziada yangu yote mpaka kwenye mshono wenyewe.

"Mwombe aniache niseme na mtoto," nikasema.

"Anasema hairuhusiwi kumfundisha mtoto cha kusema."

"Mwambie simfundishi. Mwambie nitamwambia ukweli, na wewe umtafsirie kila neno. Nikidanganya anikatishe."

Wakashauriana. Afisa akatazama mlango, akatazama mtoto, akatikisa kichwa kukubali.

Nikapiga magoti sakafuni mbele ya kiti cha Kifungo. Viatu vyake havikuwa vinafika chini. Nikaona pindo la gauni limefumuka kidogo mahali alipokuwa analivuta, na mkono wangu ukaenda kulirekebisha bila mimi kuutuma.

"Kifungo, nisikilize. Mimi si mama."

Akacheka. Alidhani tunacheza.

"Sitanii, mwa..." Nikalimeza lile neno. "Sitanii. Yule wa kwenye simu ndiye mama. Ulikaa tumboni mwake. Mimi ni dada yake. Mimi ni mama mkubwa."

"Mama mkubwa si mama?"

Kwenye simu nikamsikia kijana akitafsiri, na neno lile likapita tena kwenye lugha yao, likitoka vile vile lilivyoingia. Afisa alikuwa amenikazia macho. Ningesema ni mama, hata kidogo tu, tusingetoka mle.

"Si mama," nikasema.

Kifungo akaiweka penseli mezani.

"Nimekosa nini?"

Mkalimani hakutafsiri. Afisa akauliza, akauliza tena, ndipo kijana akalisema kwa lugha yao kwa sauti ndogo. Yule mwanamke akageuza uso, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Hujakosa kitu," nikamwambia. "Huyu mama afisa anataka kujua ukweli tu, ili atuache twende. Mwambie ukweli."

Afisa akarudi kwenye meza, akaninyooshea kidole kama pale mwanzo.

"Mama?"

Kifungo aliniangalia. Alikuwa anasubiri nitabasamu, nimwambie yamekwisha. Sikuruhusiwa kutikisa hata kichwa, na nilishukuru kwa hilo, kwa sababu sijui kingetikisika upande gani.

"Huyu si mama," akasema.

Nilidhani nimejiandaa. Nililazimika kushika ukingo wa meza.

"Unajuaje kwamba mama ni yule?" afisa akamuuliza kupitia kijana.

Kifungo akaivuta picha ya mdogo wangu karibu. "Kila siku anamwambia huyu, 'Dada, hebu nipe mwanangu nimwone.'"

Alilisema kwa sauti ya mdogo wangu kabisa, na ule mvuto wa mwisho anaouvuta akiwa amechoka na kazi. Hata mimi nilishtuka. Hakuna mtu anayeweza kumfundisha mtoto kitu cha namna ile.

"Na huyo mwanangu ni nani?" akauliza mkalimani, na sijui kama hilo aliulizwa aulize.

"Mimi."

Kijana akalitafsiri lote. Kisha afisa akazungumza kwa kifupi, akachukua pasipoti zetu, akazigonga muhuri moja baada ya nyingine.

"Mmeruhusiwa," mkalimani akasema. "Atawapeleka mwenyewe hadi mlangoni, kimbieni. Safari njema, mama." Akakata simu kabla hajakatazwa.

Tulikimbia. Mwanamke yule alitutangulia akipangua watu kwa mikono, pingu zikigongana kiunoni mwake. Tulifika wakiwa wanaita majina ya mwisho. Pale mlangoni aliinama akamwekea Kifungo ile penseli ya kijani mkononi, akaniangalia, akafungua mdomo, akakosa la kuniita. Akaniinamishia kichwa tu.

Ni baada ya kukaa kwenye kiti ndipo nilipogundua kwamba njia nzima Kifungo hakunishika mkono. Alikuwa ameshika kamba ya begi langu.

Ndege ilipopaa alinigusa bega.

"Mama mkubwa, naomba maji."

Hajawahi kuniita hivyo tangu azaliwe. Nikampa maji. Nikamwambia, "Tumeshatoka kule. Sasa unaweza kuniita mama."

Akamtazama mhudumu wa ndege aliyekuwa anapita na sare yake ya buluu. Akanisogelea sikioni.

"Watasikia," akanong'ona.

Nikamwambia hawa si wale. Akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mtoto nisiyeelewa hatari, akageukia dirishani. Akalala akiwa ameikumbatia penseli, na mimi sikuthubutu kumlaza mapajani mwangu mpaka usingizi ulipomkolea.

Walikuwa wanatusubiri kwenye mlango wa kutokea, wote wawili na nguo zao za kazi. Shemeji aliniona wa kwanza, akapaaza sauti, "Shem, ulilala vizuri uwanjani?" na akaanza kucheka kicheko chake cha kupaliwa. Kando ya mlango alisimama askari mmoja, mikono nyuma, anatazama watu wanaotoka.

Mdogo wangu alipiga magoti pale pale kwenye marumaru. Hakumrukia mtoto, na nilimpenda kwa hilo. Alifungua tu mikono akauliza, "Mwanangu, unanijua?"

Kifungo akaniangalia. Safari hii nilikuwa huru kutikisa kichwa, nikatikisa.

"Wewe ni mama," akasema.

Mdogo wangu alilia kilio ambacho nilikuwa nakisubiri kwa miaka sita. Alimbana mtoto, akamnusa nywele, akalishika gauni, akaona pindo na kulielewa, akaniinulia macho yaliyojaa machozi na shukrani. Alitaka kunigawia na mimi furaha yake, ndivyo alivyo tangu utotoni, hali kitu peke yake. Akamgeuza Kifungo anitazame.

"Na huyu aliyekuleta? Huyu naye ni nani wako?"

Kifungo akamtazama yule askari wa mlangoni. Akajinyoosha, akavuta pumzi, akapaaza sauti ili imfikie vizuri.

"Huyu si mama."

Kicheko cha shemeji kikakatika. Mdogo wangu alibaki kapiga magoti, mkono mdomoni, ananiangalia mimi, anamwangalia mtoto.

"Dada," akasema. "Nani kamfundisha maneno hayo?"

"Mimi," nikasema.